Altrasaundi haioni mawe, maumivu ya nyongo yapo: lini upasuaji ndiyo jibu?

Mashine za altrasaundi zimesogea karibu na vijiji vyetu, na upasuaji wa matundu madogo nao unasogea. Kipimo kinachoonyesha kama mfuko wa nyongo unafanya kazi sawasawa bado kiko mbali. Katika uchambuzi huu tunaeleza mgonjwa afanye nini wakati vipimo havijafika lakini maumivu yameshafika.

Katika kipindi chetu cha afya kuna swali ambalo wasikilizaji wanalirudia, kwa simu na kwa ujumbe mfupi. Maneno hubadilika, kiini ni kilekile: "Naumwa chini ya mbavu za kulia. Nimepimwa altrasaundi mara mbili, naambiwa hakuna mawe. Sasa mbona bado naumwa?"

Wanaouliza hivyo hujikuta njia panda. Upande mmoja wanaambiwa hawana ugonjwa, wapunguze mawazo. Upande mwingine wanaambiwa mfuko wa nyongo ni mbovu, utolewe haraka. Katikati wapo wauza dawa za "kusafisha nyongo". Na kwa familia nyingi za Kanda ya Ziwa, neno upasuaji maana yake ni kumtazama ng'ombe zizini. Akiuzwa wa kulimia, msimu unaofuata ni jembe la mkono. Kwa hiyo ni haki ya mgonjwa kujua kama upasuaji huo utamponya au la.

Kwa nini swali hili limeongezeka sasa

Zamani mtu mwenye maumivu haya alipewa dawa ya vidonda vya tumbo, na zikishindwa, ya taifodi, kisha akarudi nyumbani. Leo altrasaundi ipo hospitali za wilaya na katika vituo vya afya vingi, ingawa wengi wanaijua kama mashine ya wajawazito. Tangu mwaka 2024 kambi za madaktari bingwa zimekuwa zikipita katika halmashauri, na ndani yake wamo wapasuaji. Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwa lengo la kila mwananchi kutibiwa bila kuuza mali.

Yote hayo ni mema, ila yamekuja kwa mpangilio ambao una mtego. Kifaa cha kuangalia mawe kimefika kwanza. Mkono wa kupasua unafuata. Kipimo cha kuamua kama mfuko usio na mawe ndio wenye kosa kimebaki nyuma. Pengo kama hilo likiachwa wazi, uamuzi hufanywa kwa kubahatisha.

Mfuko wa nyongo hufanya nini

Aliyewahi kuchinja mbuzi anaujua mfuko huu. Ni ule wa kijani ulioshikamana na ini, unaotolewa kwa uangalifu usije ukapasuka na kutia uchungu kwenye nyama. Binadamu naye anao, chini ya ini upande wa kulia, na urefu wake hukaribia kidole cha kati.

Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku. Kazi ya nyongo ni kuvunja mafuta ya chakula ili mwili uyatumie. Kati ya mlo na mlo, nyongo huhifadhiwa kwenye mfuko huo, kwa kawaida mililita 30 hadi 50. Ukila chakula chenye mafuta, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo hupita kwenye damu na kuufikia mfuko. Mfuko hujikunja, mlango mdogo ulio mwisho wa mrija hufunguka, na nyongo humiminika kwenye utumbo.

Watu wengi wakitapika maji ya njano asubuhi, au wakiwa na malaria, husema "nyongo imejaa". Hilo ni jambo jingine. Mtu yeyote akitapika tumbo likiwa tupu anaweza kutoa nyongo, na haimaanishi mfuko wake ni mbovu.

Mfuko usio na mawe unaumaje?

Mawe huleta maumivu kwa kuziba njia. Lakini mfuko unaweza kukosa mawe na bado ukajikunja kivivu, au ukajikunja bila kwenda sambamba na mlango wake. Nyongo hubanwa ndani, mfuko hutanuka, na mtu huumwa. Kwenye picha ya altrasaundi kila kitu huonekana kizuri, kwa sababu picha ile imepigwa mfuko ukiwa umetulia. Ni sawa na kukagua pampu ya kisima bila kuipampu: utaona haina kutu, lakini hutajua kama inatoa maji.

Madaktari huliita hili tatizo la utendaji wa mfuko wa nyongo. Lipo kweli, na anayeumwa si mzushi. Ila halithibitishwi kwa kipimo kimoja kama malaria. Hufikiwa kwa kuondoa magonjwa mengine, moja baada ya jingine, mpaka libaki lenyewe.

Tusichanganye tatizo hili na uvimbe mkali wa mfuko wa nyongo unaotokea bila mawe kwa watu walio mahututi, kwa mfano walioungua vibaya au waliolazwa muda mrefu bila kula. Hao huwa na homa na hali mbaya, na hutibiwa kwa dharura. Sisi tunamzungumzia mtu anayetembea, anayelima, ambaye maumivu humjia na kumwacha.

Maumivu ya nyongo yana tabia zake

Mwaka 2016 jopo la kimataifa la mabingwa wa magonjwa ya tumbo, linalojulikana kwa jina la Rome, lilitoa mwongozo wake wa nne. Ndani yake kuna maelezo ya maumivu yanayostahili kuitwa ya nyongo. Tunayaweka kwa lugha ya nyumbani:

- Yako kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia. Wengine huyasikia mpaka mgongoni au kwenye bega la kulia.
- Hupanda polepole, yakifika juu hutulia hapohapo, na hudumu dakika 30 au zaidi.
- Huja na kuondoka kwa vipindi visivyolingana. Si ya kila siku.
- Ni makali kiasi cha kumfanya mtu aache kazi au akimbilie hospitali.
- Hayaishi kwa kwenda haja, kubadili mlalo, wala kumeza dawa za kupunguza asidi.

Kichefuchefu na kutapika vinaweza kuambatana nayo, na kwa wengine huamsha usingizini.

Sasa linganisha na malalamiko mengine tunayoyasikia: tumbo kujaa gesi, kubeua, kiungulia, kuchoka, kinywa kuwa kichungu, maumivu ya kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hayo yanasumbua na yanahitaji matibabu, lakini hayaelekezi kwenye mfuko wa nyongo. Mwenye hayo peke yake akitolewa mfuko, ana nafasi kubwa ya kurudi nyumbani na kovu jipya na maumivu yaleyale.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza cha uchunguzi ni daftari la shule. Kila yanapokuja, andika tarehe, saa yalipoanza na saa yalipoisha, yalikuwa wapi, ulikula nini kabla, ulimeza nini na kama ilisaidia. Usiyejua kuandika, mtoto akuandikie. Daftari la wiki sita au nane litamwambia daktari mambo ambayo dakika kumi za foleni ya wagonjwa wa nje haziwezi kumwambia.

Kabla ya kuulaumu mfuko

Eneo lile lina majirani wengi. Katika mazingira yetu, daktari anapaswa kuwapitia kwanza.

Vidonda vya tumbo na bakteria wake, H. pylori, ndio wa kwanza. Kuna kipimo cha choo, na pale inapowezekana kuna kamera ya kuangalia tumboni. Anayepanda mpaka meza ya upasuaji wa nyongo bila vidonda kuangaliwa ameruka ngazi.

Ini lenyewe linaweza kuuma, kwa homa ya ini au kwa jipu linaloletwa na amiba. Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huathiri ini na mishipa yake. Minyoo mikubwa ya duara nayo inaweza kupanda na kuingia kwenye mirija ya nyongo. Kongosho likivimba huuma chembe ya moyo na kutokea mgongoni. Mwenye selimundu yuko karibu zaidi na mawe ya nyongo kuliko wengine, kwa hiyo kwake mawe yatafutwe kwa makini. Nimonia ya chini ya pafu la kulia inaweza kujifanya maumivu ya tumbo. Mkanda wa jeshi huuma siku kadhaa kabla vipele havijatoka. Hata moyo unaweza kuuma kwenye chembe, hasa kwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu au kisukari.

Taifodi imekuwa jina la kila maumivu ya tumbo. Kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja hakitoshi kuithibitisha. Kama umeshatibiwa "taifodi" mara tatu kwa mwaka na maumivu ni yaleyale, omba uchunguzi uanze upya.

Altrasaundi yenyewe nayo ina masharti. Mfuko wa nyongo huonekana vizuri ukiwa umejaa, kwa hiyo mgonjwa akae bila kula kwa saa sita hadi nane. Aliyekunywa chai ya maziwa na maandazi njiani atapimwa mfuko uliosinyaa, na vijiwe vidogo vinaweza kupita bila kuonekana. Tabia za maumivu zikiwa za nyongo kabisa na picha ya kwanza ikawa safi, hatua inayofuata ni kurudia altrasaundi, ukiwa na njaa, kwa mtaalamu mwenye uzoefu. Baadhi ya wanaoitwa "hawana mawe" wanayo.

Vipimo vya damu vya ini na kongosho navyo vifanyike. Katika tatizo hili la utendaji, kwa kawaida majibu yake huwa mazuri. Yakiwa mabaya, tafuta sababu nyingine.

Kupima kazi ya mfuko

Majirani wote wakishaondolewa ndipo unafika wakati wa kuupima mfuko ukiwa kazini. Kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa HIDA. Mgonjwa huchomwa kwenye mshipa dawa yenye mionzi kidogo. Ini huichukua na kuiweka kwenye nyongo, na kamera maalumu hufuatilia safari yake. Mfuko ukishajaa, mgonjwa hupewa homoni ile ya kolesistokinini iliyotengenezwa maabara, taratibu kwa dakika 60. Mashine huhesabu ni asilimia ngapi ya nyongo imetoka. Kwa utaratibu huo, asilimia 38 au zaidi huhesabiwa kuwa ni kawaida. Chini ya hapo, mfuko unajikunja kivivu.

Kwa nini kipimo hiki hakipo wilayani? Dawa yake ni teknetiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa sita. Ukiipakia kwenye gari saa 12 asubuhi, saa 12 jioni imebaki robo. Hupatikana kutoka kwenye kifaa chenye madini ya molibdenamu, ambayo nayo hupungua nusu kwa takriban saa 66. Kifaa hicho huagizwa nje ya nchi, na baada ya wiki moja hivi kinakuwa kimechoka. Haiwezekani kuiweka stoo ikisubiri mgonjwa.

Hapa Tanzania, vitengo vya tiba ya nyuklia vipo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Kuwepo kwa kamera hakumaanishi kwamba kipimo hiki, pamoja na homoni yake, kinafanyika kila wiki. Kabla ya kukata tiketi, mwombe daktari anayekupa rufaa apige simu kwanza.

Kuna njia ya karibu zaidi. Mtaalamu wa altrasaundi anaweza kuupima mfuko ukiwa na njaa: urefu mara upana mara kimo, kisha mara 0.52. Mfuko wa sentimita 8 kwa 3.2 kwa 3 una takriban mililita 40. Mgonjwa akala mlo wenye mafuta, akapimwa tena, na zikabaki mililita 30, mfuko umetoa 10 kati ya 40, sawa na asilimia 25. Njia hii haina kiwango kimoja kinachokubalika kama HIDA, na ile 38 haihamishwi moja kwa moja kuja huku. Lakini ni dalili, na inafanyika kwa mashine iliyopo. Ni halali kabisa kumuuliza daktari kuihusu.

Namba peke yake si ugonjwa

Mtu mzima asiye na maumivu yoyote anaweza kupimwa na kukutwa chini ya 38. Zipo pia sababu nyingine za mfuko kulegea, kama kisukari. Na zipo dawa zinazoulegeza: za maumivu makali kama tramadoli, mofini na pethidini, za shinikizo la damu za kundi la nifedipini, na za kukata msokoto wa tumbo kama Buscopan. Fikiria mtu aliyemeza Buscopan na tramadoli kwa miezi kwa sababu ya maumivu, kisha akapimwa akiwa bado anazitumia. Jibu litakuwa baya, na kosa linaweza kuwa la dawa.

Kwa hiyo nenda na dawa zako zote, hata za duka la kijijini, umwonyeshe daktari kabla ya kupimwa. Usiache dawa ya shinikizo la damu kwa uamuzi wako. Na usipimwe ukiwa mgonjwa wa kitu kingine au umelazwa kwa homa. Kipimo hiki ni cha mtu aliyetulia.

Upasuaji: ushahidi unasema nini

Carl Langenbuch, mpasuaji wa Berlin, Ujerumani, ndiye aliyetoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza, mwaka 1882. Kwa miaka mia moja upasuaji huo ulikuwa wa kufungua tumbo. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliufanya kwa matundu madogo, na baada ya hapo njia hiyo ikaenea duniani. Ulipokuwa rahisi, ulianza kufanyiwa na watu ambao zamani wangeachwa, wakiwemo wasio na mawe. Uchambuzi alioutoa daktari Klaus Bielefeldt mwaka 2013 ulionyesha kwamba Marekani upasuaji kwa sababu hii umekuwa ukipanda, wakati nchi nyingine unafanyika mara chache zaidi. Si rahisi kuamini kwamba mifuko ya Wamarekani imelegea kuliko ya wengine. Kinachotofautiana ni uamuzi wa kupasua.

Ushahidi unaotajwa zaidi ulitoka Adelaide, Australia, mwaka 1991. Watafiti waliwapata wagonjwa 21 wenye maumivu ya nyongo bila mawe, na mfuko unaotoa chini ya asilimia 40. Waliwagawa kwa bahati nasibu: 11 wakapasuliwa, 10 hawakupasuliwa. Kati ya waliopasuliwa, 10 walipona na mmoja akapata nafuu. Wale 10 wengine waliendelea kuumwa.

Matokeo hayo ni mazuri mno, na ndiyo maana yamenukuliwa tangu wakati huo. Lakini watu 21 ni wachache. Hawajazi hata daladala moja. Tena kila mgonjwa alijua kama amepasuliwa au la. Mwaka 2009 taasisi ya Cochrane, inayopima ubora wa tafiti za tiba, ilitafuta majaribio yote ya aina hiyo. Ikakuta hilo moja tu, na ikaona haliwezi kubeba uamuzi peke yake.

Je, kujua umetibiwa kunaweza kubadili maumivu? Ndiyo. Mwaka 2014 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Marekani la wagonjwa 214 waliokwishatolewa mfuko wa nyongo lakini wakaendelea kuumwa. Baadhi walikatwa ule mlango mdogo wa mwisho wa mrija. Wengine waliingizwa kamera bila kukatwa, na wagonjwa hawakujua nani kafanyiwa nini. Waliokatwa walifanikiwa kwa asilimia 23. Ambao hawakukatwa walifanikiwa kwa asilimia 37. Tiba iliyokuwa inaaminika ilishindwa na kutofanya kitu.

Jaribio hilo halikuwa la kutoa mfuko, na hatulitumii kusema upasuaji wa mfuko haufai. Linatufundisha mambo mawili. Kwanza, wapo wanaoumwa hata baada ya mfuko kutoka. Pili, kukata zaidi si jibu la kila maumivu yanayobaki.

Tukiyaweka pamoja, picha ni hii. Mwenye maumivu yenye tabia za nyongo kama tulivyozitaja, ambaye magonjwa mengine yametafutwa hayakuonekana, na mfuko wake umepimwa ukakutwa mlegevu, ana sababu nzuri ya kuzungumza na mpasuaji. Wengi wa aina hiyo hupata nafuu. Aliyekosa moja ya hayo asubiri, atafutwe zaidi. Kwa baadhi ya watu maumivu hupungua yenyewe kadiri miezi inavyopita, na kusubiri ukiwa chini ya uangalizi ni matibabu pia.

Wakati wa kusubiri, punguza chipsi, maandazi, nyama ya mafuta na vyakula vilivyozama kwenye mafuta. Havijathibitishwa kuponya tatizo, lakini kama daftari lako linaonyesha ndivyo vinavyoamsha maumivu, ushahidi wako unatosha.

Ukikubali kupasuliwa

Upasuaji hufanyika kwa nusu kaputi. Kwa njia ya matundu madogo, mpasuaji huingiza kamera na vifaa kupitia matundu ambayo kwa kawaida ni manne, na wengi huondoka wodini baada ya siku moja au mbili. Kwa njia ya kufungua tumbo, kovu ni kubwa na kulazwa ni kurefu zaidi. Panga wiki moja au mbili za kupumzika kwa njia ya kwanza, na wiki nne hadi sita kwa ya pili, bila ndoo kichwani, bila jembe, bila gunia. Kwa mkulima hiyo ni kalenda ya msimu, kwa hiyo kama si dharura, omba tarehe baada ya mavuno.

Hatari kubwa inayoogopwa ni kujeruhiwa kwa mrija mkuu wa nyongo. Kwa njia ya matundu madogo, kiwango kinachotajwa mara nyingi ni wagonjwa 3 hadi 5 katika kila 1,000. Ni wachache, lakini likimpata mtu huhitaji upasuaji mwingine mkubwa. Kwa aliyekuwa na mawe, hatari hiyo ina fidia inayoonekana. Kwa asiye na mawe, ndiyo sababu ya kutokwenda mezani kwa kubahatisha.

Mtu huishi vizuri bila mfuko. Ini huendelea kutoa nyongo, ila hudondoka moja kwa moja kwenye utumbo. Baadhi hupata choo laini au cha mara kwa mara, na kwa wengi hutulia. Omba pia mfuko uliotolewa upelekwe maabara ya patholojia, na uchukue nakala ya majibu.

Mafuta na ndimu

Kwenye simu zetu huzunguka maelekezo ya kunywa mafuta ya mzeituni na maji ya ndimu usiku ili "kutoa mawe ya nyongo". Asubuhi mtu huona vidonge vya kijani chooni akashangilia. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari waliovipima vidonge hivyo. Havikuwa mawe. Vilikuwa kitu kama sabuni, kilichotengenezwa tumboni na mafuta na ndimu zenyewe. Kama altrasaundi ilishasema huna mawe, hiyo dawa inatoa nini?

Kadi, rufaa na mfuko wa fedha

CHF iliyoboreshwa ilijengwa kwa ngazi za zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Vipimo tulivyoviita vya kwanza, yaani altrasaundi, damu na choo, viko ndani ya ngazi hizo. Safari ya hospitali ya kanda ndiyo inayoumiza mfuko wa fedha. Kabla ya kuondoka, uliza kadi yako inafika ngazi gani na barua ya rufaa inahitaji nini. Beba majibu yote ya zamani, hata yaliyokunjamana. Kila karatasi iliyopotea ni kipimo cha kulipia upya.

Kwa upande wa serikali na mifuko ya bima, hili ni jambo la kupangwa mapema. Upasuaji wa matundu madogo ukifika mikoani na bima ikalipia, bila utaratibu wa nani anastahili, tutaanza safari ambayo Marekani wameshaitembea. Utaratibu huo hauhitaji mashine mpya. Unahitaji karatasi moja ya maswali ijazwe kabla ya mgonjwa kuandikiwa tarehe, na wataalamu wa altrasaundi wa wilaya wafundishwe kuupima mfuko kabla na baada ya mlo.

Maswali ya kumuuliza daktari

Yanukuu, au mwonyeshe ukurasa huu kwenye simu:

1. Daktari, maumivu yangu yana tabia za nyongo? Daftari langu hili hapa.
2. Vidonda, ini na kongosho vimeangaliwa?
3. Altrasaundi irudiwe nikiwa na njaa?
4. Kazi ya mfuko imepimwa kwa njia gani, na ni asilimia ngapi?
5. Kuna dawa ninayotumia inayoweza kuulegeza?
6. Tukisubiri miezi mitatu, kuna hatari gani?
7. Nikipasuliwa na maumivu yakabaki, hatua inayofuata ni ipi?

Kuuliza si utovu wa adabu. Mpasuaji mzuri atayajibu bila haraka.

Usisubiri daftari kama una haya

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi au choo kimekuwa cheupe kama majivu. Nenda kama una homa na kutetemeka pamoja na maumivu, kama maumivu yamepita saa sita bila kuachia, kama unatapika damu au unapata choo cheusi cha kunata, au kama una mimba. Maumivu ya chembe ya moyo yenye jasho jingi, kukosa pumzi au kusambaa mkono wa kushoto ni dharura ya moyo mpaka ithibitishwe vingine. Anayekonda bila sababu naye asikae nyumbani.

Kwa wengine wote, anza leo na daftari. Ukiambiwa huna mawe, usikubali kuambiwa huumwi, na usiuze ng'ombe kabla ya maswali yale saba kujibiwa.